Leseni ya Naima Ukutani kwa Suleiman

Tandika, Temeke,
Dar es Salaam.

Tarehe 18 Mei 2025.

Mpendwa mdogo wangu Zubeda,

Kwanza nakuomba radhi. Barua yako ya mwezi wa Januari ilinifikia salama, nikaisoma, nikaiweka juu ya kabati, na tangu siku hiyo sijakujibu. Sikuugua wala sikusafiri. Miezi ya mwanzo nilingoja niwe na habari njema ya kukupa. Wiki hizi za mwisho nimekuwa na habari ambayo sikujua niianzie wapi. Mimi niliyewaadhibu watoto wa watu miaka thelathini na minne kwa kuchelewesha kazi ya nyumbani sina haki ya kuchelewesha barua ya ndugu yangu. Nisamehe.

Je, hali yako? Goti lililokusumbua limepoa, au bado unapanda vile vidaraja vya nyumba kwa kujishikilia? Shemeji Khalfani na kikohozi chake wanaendeleaje? Mwambie namkumbuka, na kwamba dagaa wa Ujiji aliotuletea mwaka jana bado wanasifiwa katika nyumba hii.

Sisi hatujambo. Wifi yako Zuena ana presha yake, lakini sasa anameza dawa kwa saa, kwa sababu Naima humpima kila asubuhi na kuandika namba katika karatasi aliyoibandika kwenye mlango wa jiko. Zuena ananung'unika kwamba amefanywa mgonjwa ndani ya nyumba yake mwenyewe. Ananung'unika na kumeza.

Sasa nije kwa mwanao. Mtihani wa leseni ya uuguzi aliufaulu, kama ulivyosikia kwenye simu, na leseni yenyewe ilitoka mwezi wa Februari. Aliniletea niisome. Nilitafuta kosa katika jina, kama ilivyo kawaida yangu, nikakuta limeandikwa sawasawa: Naima Mshamu. Nilipoliona jina la marehemu baba yake pale kwenye karatasi ya serikali, nilikwenda uani kunawa uso.

Lakini leseni si kazi. Tangu wakati huo ametuma maombi ambayo mimi nimeacha kuyahesabu. Alikwenda kwenye usaili mmoja akakuta vijana wamejaa ukumbi mzima na wengine wamekaa chini nje. Hospitali moja ya watu binafsi huko Kawe ilimwambia wanataka mwenye uzoefu wa miaka miwili. Alirudi amevua viatu, amevibeba mkononi. "Mjomba," akaniambia, "uzoefu nitautoa wapi, na kila mtu anataka wa kwanza kuniajiri awe mwenzake?" Mpaka leo anajitolea katika hospitali ya Mwananyamala, anatoka nyumbani kabla ya adhana ya alfajiri, na wauguzi wakubwa wa huko wanampenda kwa kuwa hakai mpaka kazi iishe.

Hapo ndipo nilipotenda kosa, Zubeda, na nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine.

Ijumaa ya kwanza baada ya Idi nilikutana msikitini na Suleiman, niliyemfundisha darasa la tano. Sasa ana zahanati yake, mtaa wa tatu kutoka kwetu. Aliniamkia kwa adabu, akauliza habari za nyumbani, nikamweleza kuhusu Naima. Akasema, "Mwalimu, mlete binti. Aanze tarehe tano Mei. Ila niletee vyeti vyake halisi pamoja na leseni nivihifadhi, maana wauguzi wa siku hizi wakisikia pazuri zaidi wanakukimbia." Nikampa mkono na neno langu palepale.

Katika zama zetu mtoto alipelekwa kazini hivyo. Mimi mwenyewe nilipelekwa na baba kwa mwalimu mkuu, nikasimama nyuma yake mpaka wakubwa walipomaliza kuzungumza. Basi nilirudi nyumbani, Naima akiwa hospitalini, nikafungua begi lake, nikatoa bahasha ya vyeti, nikaipeleka kwa Suleiman kabla ya magharibi. Zuena aliniona natoka.

"Umemuuliza mwenyewe?" akasema.

"Mtoto anayepewa kheri haulizwi," nikamjibu.

"Haya. Mie simo."

Naima aliporudi nilimpa habari nikitarajia afurahi. Yeye akasema leseni huwa haiachwi kwa mtu, mwajiri huonyeshwa akapewa nakala. Nikamwambia neno langu linatosha kuwa dhamana. Akasema, "Hewala, Mjomba," akaenda kufua sare yake. Nilidhani nimeshinda mjadala. Kumbe alikuwa amenistahi tu.

Jumatano ya tarehe thelathini Aprili, zikiwa zimebaki siku tano aanze kazi, tulisikia hodi iliyopigwa kwa kiganja. Alikuwa Avelina, mama mmoja anayeuza maandazi karibu na soko, amembeba binti yake Blessing, mtoto wa miaka minne. Hatukuwa tukimjua zaidi ya salamu.

"Shikamoo, babu. Samahani, sikuja kwako. Namtaka Nesi Naima."

Nikamkaribisha. Hakukaa.

"Atoke tu anione. Amchome mtoto wangu sindano, paja livimbe hivi, halafu nikirudi zahanati naambiwa Nesi Naima leo hayupo? Kila siku hayupo! Nimeuliza mtaani, nikaambiwa anakaa kwa Mwalimu. Basi mimi huyu hapa."

Akatoa daftari la matibabu la mtoto, lile dogo la shule tunalotumia wote. Nililisoma mwenyewe. Tarehe ishirini na mbili Aprili, sindano, na mbele yake jina la Naima Mshamu pamoja na namba ya leseni yake. Tarehe ishirini na mbili Naima alikuwa Mwananyamala kuanzia asubuhi hadi jioni. Katika zahanati ya Suleiman alikuwa hajakanyaga hata siku moja.

Naima alitoka ndani akifuta mikono. Avelina alimtazama toka juu hadi chini, hasira ikaanza kumpotea.

"Si wewe," akasema. "Wa kule mwembamba, ana mwanya."

"Naima ndiye mimi, dada. Lakini sikumchoma mimi. Hebu nimwone mtoto." Alipiga magoti, akalisogelea paja kwa mgongo wa vidole, Blessing akalia kabla hajaguswa. "Hili limetunga usaha. Twende hospitali sasa hivi. Maneno yapo, tutayasema baadaye."

Akamwamuru Zuena alete khanga, mimi nikaamriwa nitafute bajaji, na nikaenda mbio. Jipu lilipasuliwa siku ileile. Mtoto yu salama, ameshaanza kukimbia, na namshukuru Mungu kwa hilo kabla ya jambo lingine lolote. Naima alikaa naye hadi alipolala. Hakunigombeza njiani wala tuliporudi. Zubeda, afadhali angenigombeza.

Kesho yake ilikuwa sikukuu ya wafanyakazi, lakini zahanati ilikuwa wazi. Nilikwenda peke yangu. Leseni ya mwanao ilikuwa imetiwa katika fremu ya kioo, imetundikwa juu ya benchi la wagonjwa, ili mkaguzi akiingia aione kwanza. Chini yake alisimama msichana mwembamba mwenye mwanya, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi vizuri. Anaitwa Asifiwe. Nilimuuliza amesomea chuo gani. Alitazama sakafu. Kumbe aliajiriwa kufagia, akajifunza kuchoma sindano kwa kuwatazama wenzake.

Suleiman alinivutia kiti.

"Shikamoo, Mwalimu. Nilikuwa nakuja kwako. Hilo jambo dogo, wala lisikusumbue. Muuguzi wangu aliondoka, mkaguzi yu njiani, nikasema leseni ya binti itangulie, mwenyewe atafuata. Wengi tunafanya hivyo."

"Leseni imetangulia kumchoma mtoto sindano?"

"Mwalimu, bwana! Hujaacha ukali."

"Niteremshie."

Hapo uso wake ukabadilika. "Ulinipa neno lako, Mwalimu. Ulinipa mkono, tena msikitini."

Maneno hayo yaliniuma, kwa kuwa ni kweli. Nilimjibu kwamba nilimpa neno lisilokuwa langu. Kisha, kwa kuwa hakuinuka, nilipanda juu ya benchi kwa umri wangu huu wa miaka sabini na mmoja, wagonjwa wakanishika miguu nisianguke, nikaiteremsha fremu mwenyewe. Vyeti vingine alinipa bila kunitazama.

Nilipofika nyumbani nilimwita Naima, na Zuena akiwapo, nikamwomba msamaha. Nilimwambia nilifungua begi lake bila ruhusa, na kwamba sikumchukulia kama muuguzi bali kama mtoto wa kupelekwa. Alikuwa hajawahi kunisikia nikisema hivyo, na kusema kweli hata mimi nilikuwa sijawahi kujisikia. Alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. "Mjomba, basi. Ukiendelea nitalia mie." Zuena akasema endelea, anahitaji kulia. Tukacheka wote watatu, na Naima akalia.

Ningependa habari iishie hapo, lakini haijaisha. Leseni tumerudi nayo, ila jina lake limebaki katika kitabu cha wagonjwa cha zahanati ile, mbele ya watu ambao hajapata kuwaona. Likimpata mmoja wao jambo, atakayetafutwa ni yeye. Naima ameandika maelezo ya kupeleka kwenye Baraza la wauguzi na ofisi ya mganga mkuu. Avelina amekubali kuwa shahidi, na daftari la mtoto lipo. Mimi nimeandika ukurasa mmoja unaoeleza kwamba ni mimi niliyeitoa leseni, siku gani, na bila idhini ya mwenyewe. Sikujitetea hata kwa sentensi moja. Nimeusaini.

Kinachomzuia ni Asifiwe. Alikuja hapa juzi, akakaa jikoni na Naima muda mrefu. Anamsomesha mdogo wake, na zahanati ikifungwa hana pa kwenda. Mtaa nao umeanza kusema, maana zahanati hiyo ndiyo iliyo karibu, na mama yake Suleiman amekuja kumsihi Zuena mara mbili. Na ile hospitali ya Kawe imemwita tena Naima kwa mazungumzo mwishoni mwa mwezi. Anaogopa wakimuuliza kuhusu zahanati ile, hajui afiche au aseme.

Ameniomba muda hadi Ijumaa afikiri. Nina maoni yangu, nawe unanijua kwamba ninayo, lakini sijamwambia. Nakuomba nawe usimpigie simu kumwamuru hivi au vile. Mpigie umsikilize. Leseni ni yake, jina ni lake, na atakayeishi na uamuzi huo wodini kila siku ni yeye. Karatasi yangu nimempa aiweke katika begi lake. Aipeleke au aichane, nitakuwa upande wake.

Zuena anakusalimu sana na anauliza kama ulipata kitenge alichokutumia. Naima anakusalimu, atakuandikia mwenyewe. Nisalimie Shemeji Khalfani, Suhaib na wote wa nyumbani Ujiji. Mwenyezi Mungu akupe afya, akuondolee maumivu ya goti, na atukutanishe tungali tunatambuana.

Akishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, nikueleze alichokiamua yeye.

Ndimi kaka yako nikupendaye,
Mwinshehe