Baba, Wamepanda Milingoti Kwenye Chemchemi

Kamwene, Baba.

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Ulitufundisha kwamba mtu hapeleki hasira makaburini, lakini sina mwingine wa kumweleza. Mama amechoka kunisikiliza.

Mwaka ule ule tuliokuzika, kampuni kutoka Ulaya ilikuja hapa kijijini Matembwe. Siku hizi milango iko wazi, mwekezaji na aje. Mkutano ulifanyika kwenye ghala la ushirika, lile ulilolilinda. Sasa halina hata gunia. Mtaalamu wao akatueleza kwamba dunia inapata joto kwa moshi wa viwanda, na kwamba miti hula moshi huo. Basi kampuni, ili viwanda vyake viendelee kule, itapanda miti huku. Nikauliza, "Moshi wenu, kwa nini bonde letu?" Baba mdogo Festo, ambaye ndiye mwenyekiti wa kijiji sasa, akanikatiza: "Kaa chini, Upendo. Watu wanataka kazi." Akatia sahihi.

Wakapanda milingoti, Baba, hiyo mikaratusi inayofyonza maji. Milingoti! Hadi ukingoni mwa chemchemi, pale ulipokuwa ukitukataza hata kukata matete. Ulikuwa ukisema, "Maji yana haya, ukiyavua nguo yanaondoka." Tulikucheka.

Yakaondoka. Msimu wa tatu vinyungu vya Mama, vile vya bondeni vinavyotupa mahindi mabichi na maharage wakati wa kiangazi, vilipasuka kama kisigino.

Sasa sikiliza hili. Kampuni hiyo hiyo ikatuita semina Makambako, huko ninakouza mbegu dukani kwa mzee Salumu. Soda, kofia, kalamu. Mada: jinsi mkulima anavyoweza kuishi na uhaba wa maji! Nikasimama. "Maji yetu mmeyapandia miti, halafu mnatufundisha kiu?" Bosi wao, mama mmoja wa Kizungu, akataka kuja kuona. Akaja, akachuchumaa, akatia mkono kwenye tope. Baadaye ikaja barua: miti iliyo karibu na chemchemi itaondolewa, utafiti ukikamilika.

Tukangoja utafiti. Mvua zikaja, zikaisha. Utafiti!

Mama hakungoja tena. Asubuhi moja aliteremka bondeni na wanawake kumi na mmoja, mapanga na mashoka mikononi. Nilikuwa nyumbani, nikawafuata. Baba mdogo akaja mbio, anahema. "Shemeji, mtaniponza!"

Mama hakuinua hata uso. "Shika shoka, shemeji, au urudi nyumbani."

Baba mdogo akageuka kuitazama njia ya nyumbani. Kisha akavua koti. Baba, nilimwona mdogo wako akikata huku machozi yanamtoka, na miaka yote ile ya kumnunia... sikujua niipeleke wapi.

Tulingoja polisi. Hawakuja. Maji yalipoanza kurudi, kidogo kidogo, alikuja mpiga picha wa kampuni. Sasa kalenda yao imetundikwa ofisi kadhaa za Njombe: Mama ameinama anachota, na chini yake wameandika, "Tunatunza vyanzo vya maji." Tunatunza! Nilitaka kuichana. Mama akaniambia niache, kwamba hapo ameonekana amenenepa na amependeza.

Lakini visiki vinachipua, Baba. Mlingoti haufi kwa kukatwa mara moja. Baba mdogo anasema atayashughulikia machipukizi. Namsikia, ila namjua. Kwa hiyo nimeomba ruhusa kwa mzee Salumu: kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa bondeni na panga, mpaka mizizi ichoke au nichoke mimi. Na mimi unanijua.

Lala, Baba. Huku tuachie sisi.

Mwanao,
Upendo