Wodi Uliyoiacha Usawa wa Madirisha

Mama,

Bado sielewi. Ulikuwa umeketi kwenye kigoda, katika duka la vifaa vya ujenzi hapa Guangzhou, ulipokuja kunitembelea, unakigeuzageuza kitasa. "Laoban, hiki kitavunjika," ulimwambia mwenye duka, ukimwita "bosi" kwa Kichina nilichokufundisha asubuhi ile, tukacheka wote watatu. Ukaniomba maji. Niliinama kuyatoa kwenye begi. Kuinua kichwa, mwenye duka amekudaka, anapiga kelele.

Moyo, daktari alisema. Moyo gani? Juzi yake tu ulinichosha kwa kutembea!

Sijatoka hospitali, simu yako ikaita. Fundi Deo, kutoka Ngara. "Bosi, wodi ya wazazi imefika usawa wa madirisha. Tuyaanzie wapi?" Nikamwambia umefariki. Akawaambia wenzake. Nyuma yake nilisikia nyundo za maseremala, kisha moja ikanyamaza, na nyingine, mpaka zote.

Nilijua wenzako walipohitimu walibaki Dar kuchora maghorofa, wewe ukaomba kwenda Ngara, mpakani, ambako hakuna msanifu majengo aliyewahi kukaa. Nilijua shule zako, soko, zahanati, matofali ya udongo wa palepale, na zile baraza pana, kwa sababu, ulikuwa ukisema, "mgonjwa haji peke yake." Lakini siku ya mazishi, Mama, watu walivuka kutoka Burundi kwa miguu! Mwanamke mmoja alinishika mikono, hataki kuiachia. "Huyu nilimzaa kwenye jengo la mama yako," akasema, akinionyesha binti mrefu kuliko mimi. "Wakubwa zake nilijifungulia njiani." Mbona hukuwahi kutuambia?

Nimerudi chuoni. Profesa amenipatia kazi kwenye ofisi kubwa ya hapa, ile niliyokuwa naililia. Nimemwambia hapana. Nilitoka pale nikajikuta Xiaobei, mtaa wa Waafrika hapa mjini, nimekaa mbele ya sahani ya wali nisiyokumbuka kuiagiza.

Deo alikuwa amesimamisha ujenzi. Jana nimempigia: madirisha yaanzie chini, mzazi aone nje akiwa amelala.

"Nani kasema?" akauliza.

"Mimi."

"Sawa, bosi."

Bosi, Mama! Mimi!

Nikihitimu nakwenda Ngara, wodi yako nitaimaliza. Naogopa sana, lakini nakwenda, nakuahidi. Lala salama, mama yangu.

Binti yako,
Neema