Mipira ya Zimamoto Ilipoenda Matangani

Jumatano, 5 Machi 2025

Kikao cha matanga kwa Dorca, ghorofa ya pili ya jengo letu hapa Kisumu. Watu wamejaa mpaka ngazini. Mumewe, Tom, anazikwa Jumamosi nyumbani kwao upande wa Maseno, na kamati ilikuwa imekwama kwenye maji. Lori la maji haliwezi kufika bomani. Linaishia kwenye uzio wa jirani, halafu ni mteremko wa mawe matupu. Mmoja akasema akina mama wabebe kwa mitungi. Mwingine akataka punda. Wakabishana weee! Nikasimama. Nikasema maji niachieni mimi.

Sijui huu mdomo nilipewa wa nini. Lakini ilikuwa tamu, kusema kweli. Chumba kizima kilinigeukia. Dorca akainua uso. "Ero kamano, jaduong'," akaniambia, yaani asante mzee, na wazee wakatikisa vichwa. Mimi ni caretaker tu, nafagia ngazi za jengo la mtu mwingine, lakini leo nimeshukuriwa mbele za watu.

Nikishuka nikapita kabati jekundu la zimamoto. Nikasimama pale pale. Kumbe jibu napanguza vumbi lake kila wiki!

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya. Lile bomba jekundu linapanda kutoka chini mpaka juu ya jengo, na kila ghorofa ina koki yake kubwa na kabati lake. Ndani ya kabati kuna mpira wa turubai uliokunjwa, na mdomo wa shaba. Moto ukiwaka unafunga mpira kwenye koki, unafungulia maji. Tangu niajiriwe hapa haujawahi kulowa ila wakaguzi wakija. Nimetoa wa ghorofa ya tatu na wa nne.

Mbona hiyo? Kwa sababu Bi. Wamucii, mwenye jengo, goti lake halimruhusu kupita ghorofa ya pili. Ndiyo, niliwaza hivyo. Hapa sina wa kumdanganya.

Opondo, soja wetu wa getini, alinisaidia kupakia kwenye pikapu. Akauliza, "Mzee, hii si ya moto? Mama mwenye nyumba anajua?" Nikamwambia wewe fungua geti, mambo ya ndani niachie. Akafungua. Hata akanipungia mkono.

Milango ya kabati nimeifunga vizuri. Ukiwa nje huwezi kujua.

Jumamosi, 8 Machi

Tumemzika Tom. Jua kali, mvua bado.

Mimi na dereva wa lori tulitangulia. Tukaunga mipira yote miwili, tukaishusha juu ya yale mawe, ikafika matangani na urefu ukabaki. Maji yalipoanza kuingia wapishi walipiga kelele za furaha – msibani! Mzee Obonyo, baba wa marehemu, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akakaa nao. Sikuweza hata kumwangalia, nilivyojisikia mkubwa.

Watu wa jengo letu walikuja na basi baadaye, wakati mipira imeshakunjwa nyuma ya jiko. Aliyeiona ni Bridget, mke wangu, kwa sababu alikuwa huko tangu jana akipika.

Nilitaka nirudi nayo. Dorca akasema wageni wa mbali bado wapo, maji yatatakiwa tena, niwaachie kidogo. Ningesemaje? Kwetu mtu hatoki matangani ameshika sufuria yake. Ulichoazima unakiacha, wenyewe watarudisha msiba ukitulia. Nikamwambia chukueni muda wenu.

Jumanne, 11 Machi

Moto. Kwa Elsie fundi cherehani, ghorofa ya tatu. Mungu wangu.

Stima ilipotea asubuhi akiwa anapiga pasi sare za kwaya. Akaiacha pasi juu ya nguo, akaenda kutafuta vifungo. Stima ikarudi. Yeye aliporudi alikuta moshi, na watu wameshajaa ngazini. Akaingia! Kwa ajili ya cherehani.

Nilikuwa chini nikisikia mayowe. Nilipofika juu mwalimu Byron wa ghorofa ya nne alikuwa ameshafungua kabati. "Mzee, mpira uko wapi?" Nikainama, nikaangalia ndani. Naangalia nini? Mimi ndiye niliyeutoa! Byron akakimbia kwake juu, huko nako tupu. Mtu akafungulia koki hivyo hivyo, maji yakatoka kwa nguvu ya kutisha, yakatupiga miguuni, yakashuka ngazi. Maji tele! Mlango wa Elsie uko pale mbele, na hayafiki. Tukakinga kwa beseni, kwa karai, mama mmoja kwa bakuli la mtoto. Joto linaturudisha.

Byron akashuka ghorofa ya pili, akarudi na mpira wa huko. Tukaufunga. Ulipopiga, moto ukazima hata sijapata kushika vizuri. Basi. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hivyo. Ungekuwa mahali pake, Elsie angekuta tumeshamaliza.

Yeye alikuwa ameshatoka na cherehani moja amekumbatia. Chuma kilichotoka motoni. Mikono yake – hapana, siandiki.

Bi. Wamucii alikuja, na leo alipanda mpaka juu, goti na yote. Akafungua kabati la tatu. Akafungua la nne. Akaniuliza polepole, "Zadock, mipira yangu iko wapi?"

Nikasema, "Hata mimi nashangaa, Mama."

Sikupanga. Ilitoka tu, kama chafya. Na baada ya kutoka nikaanza kuilinda.

Jumatano, 12 Machi

Bi. Wamucii ametuita wote uani. Anasema ile midomo ni shaba, na watu wa skrapu wananunua bila kuuliza imetoka wapi. Anasema hakuna kinachotoka hapa bila kupita getini. Kila mtu akamwangalia Opondo.

Opondo akaangalia chini. Halafu akaniangalia mimi. Sikuona chuki, alikuwa ananipisha niseme. Nikatoa funguo mfukoni nikaanza kutafuta mmoja, sijui wa mlango gani. Akasema tu, "Mimi ni wa geti. Caretaker yuko hapo."

Usiku mezani Bridget: "Zadock, ile mipira si niliiona kwa Dorca?" Nikamwambia nyamaza kwanza, nitapanga. Ameninyamazia kweli. Ananipakulia, anakaa.

Alhamisi, 13 Machi

Dorca amepiga simu. Wageni wametawanyika, shemeji yake anakuja Kisumu leo na pikapu – alete mipira? Ameifua kwa sabuni, ameianika, inang'aa. Habari ya Elsie ameisikia kwa mbali, anauliza ni moto mkubwa ama ni mdogo.

Nikamwambia hapana! Kaa nayo kwanza, Mama Dorca, haraka ya nini? Na moto ni mdogo, umeshazimwa. Akanibariki, mimi na nyumba yangu.

Najiambia namkinga mjane. Hii si uongo kabisa. Ikijulikana mipira ilikuwa matangani, watu watasema Tom ndiye amemchoma Elsie, atakuwa amekufa na bado anatajwa vibaya. Wote waliokula pale watajisikia wamekula mikono ya Elsie. Nani atamwangalia Dorca usoni akirudi humu? Sababu nzuri sana. Nimeigeuza huku na huku, haina tundu. Shida ni kwamba kila nikiitumia, anayekingwa ni mimi.

Kama ningesema "lete", leo hii ingekuwa imerudi.

Ijumaa, 14 Machi

Wamemchukua Opondo.

Alasiri. Polisi wawili, kwa adabu tu, hata hawakumsukuma. Kila mtu mjini anajua maana ya kuchukuliwa Ijumaa: unalala ndani mpaka Jumatatu, ndipo uone korti. Alikuwa na sare yake ya kazi, shati la mikono mifupi. Akampa Bi. Wamucii funguo za geti. Kwangu akasema, "Mzee, ile bawaba ya geti dogo usisahau kuitia oili."

Ya geti! Ndicho alichoniambia.

Wapangaji wanamsema sasa kwa sauti. Yule aliyekuwa akibebewa mitungi na Opondo kila siku anasema alimshuku zamani. Nilitaka kumnasa kibao, halafu nikakumbuka mimi ni nani katika jambo hili. Nikaenda kutia oili.

Jumamosi, 15 Machi

Hospitali, kumwona Elsie. Mikono imefungwa mpaka kwenye viwiko, myeupe, mikubwa, imelazwa juu ya mito. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kusema. Yeye ndiye alianza.

"Mzee Zadock! Nilisikia vile ulipigana na beseni. Mungu akuone."

Tukazungumza kidogo. Daktari anasema vidole vya kulia vitanyooka, vya kushoto hajui. Akaniomba samahani, pua inamwasha tangu asubuhi na nesi ana haraka, naweza kumkunia? Nikamkunia. Akafumba macho kwa raha kama mtoto. "Hapo hapo. Ee, hapo."

Halafu akasema, "Huyo Opondo. Alikuwa ananisalimia kila siku, akiuliza watoto! Ningekuwa na mikono ningemzaba kofi moja tu. Moja. Halafu nimsamehe."

Kidole changu kilikuwa bado kwenye pua yake.

Nikasema, "Elsie." Akasema mm? Nikasema, "Utapona." Nikatoka. Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, jua lote lile, wala sikuona barabara. Mimi ni mwoga. Nilidhani mwoga ni mtu anayekimbia moto, kumbe unaweza kukimbilia moto na beseni ukaitwa shujaa, na bado.

Jumapili, 16 Machi

Kanisani sikwenda. Nilimwambia Bridget tumbo linauma. Akachukua Biblia yake akaenda.

Aliporudi alikuwa na Nabututu, mke wa Opondo. Walikutana getini. Nilijua sasa nitatukanwa, nikawa karibu kushukuru. Nikamkaribisha kiti. Akakaa pembeni kabisa, amekunja kanga kwenye magoti. Hakupandisha sauti hata kidogo.

"Mzee, sikukuja kugombana. Opondo ndiye amenituma. Aliniambia siku ile ile nisilie, Mzee ni mtu wa watu, atakuja kusema mwenyewe. Akasema yeye akisema wataona anajitetea, lakini ikitoka kwa Mzee itakwisha. Sasa amengoja Ijumaa. Jana akangoja. Kesho ni korti. Leo nimempelekea chai, akasema nipite nikuulize kama uko mgonjwa."

Kama ni mgonjwa!

Bridget alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Aliingia chumbani, akatoka na sweta yangu ya kijivu na mkate, akaviweka kwenye mfuko, akauweka mbele yangu. Ndiyo maneno yake ya kwanza tangu Jumatano, kama mfuko ni maneno. Nikamwambia Nabututu naenda sasa hivi. Akasema, "Asante, Mzee." Asante!

Sasa naandika nikiwa kwenye benchi la stesheni ya polisi. Njia nzima nilikuwa nafanya mazoezi. Mimi ndiye niliyetoa mipira. Iko kwa Dorca, upande wa Maseno. Opondo alifungua geti kwa amri yangu. Mwenye jengo hakujua. Nilisema kwa sauti mpaka mama wa mahindi akanigeukia. Nilikuwa nayo yote.

Askari wa kaunta, mwanamke, mpole: "Mzee, nikusaidie? Umekuja kuandikisha kitu ama kuona mtu?"

Nikafungua mdomo. Nikasema, "Nimemletea Opondo sweta."

Akaipokea. Akapekua mikono ya sweta, akaukata mkate katikati kuangalia ndani, akaingia navyo huko nyuma. Nikapata nafasi ya kuondoka. Sikuondoka. Hilo angalau nilihesabu kwangu. Nikatoa kalamu nikaanza kuandika haya, ya Nabututu na ya mfuko.

Amerudi. Anasema Opondo ameshaivaa, inamtosha, anashukuru sana. Ameegemea kaunta. Ananiangalia kama mtu aliyepewa ujumbe asiouelewa.

"Anauliza kama umeshasema. Kusema nini, Mzee?"

Naandika ili nisimwangalie. Amevuta kile kitabu chao kikubwa, amekifungua ukurasa mweupe, kalamu anayo mkononi. Nyuma yangu kuna watu wawili wamekuja na kesi ya baiskeli, amewaambia wangoje, mzee huyu kwanza –