Kitani Changu na Nyundo ya Fundi

Mwenzangu, acha unachofanya usome. Bado nacheka.

Ule mmea wangu wa kitani, wa kwenye chungu, ulianza kukauka ncha, hewa ya chumbani ni kavu mno. Nikauzungushia taulo zilizolowa na sufuria za maji ya moto, nikafunga dirisha. Mmea ukachangamka. Ukuta nao ukaanza kutoa jasho. Hilo sikuliona.

Leo narudi, namkuta shangazi, mwenye nyumba, chumbani kwangu na fundi bomba. Fundi ameinua nyundo!

"Bomba limepasuka humu ndani," anasema, sikio kaliweka ukutani. "Nalisikia linalia."

Analisikia! Ukuta ule hauna bomba!

Nikasema polepole, "Shangazi, msivunje. Ni mvuke wangu. Nilikuwa naufukiza mmea."

"Kwani una mafua?" fundi akauliza.

Shangazi hakucheka. "Yaani mtoto wa kaka yangu ananilowesha nyumba kwa ajili ya majani? Hayalali humu tena!" Akaubeba mwenyewe akatoka nao. Nikajua kitani changu ndio basi, kinakwenda jalalani.

Sasa hivi namsikia anapaza sauti kutoka sebuleni kwake:

"Wewe! Taulo la haya majani unalilowesha kwa maji ya moto au ya baridi?"