Fulvio na pete yake mbele ya Kaisari

Ginevra shoga yangu, sikia haya. Fulvio aliniaga eti anakwenda Milano kikazi. HAYUKO MILANO!

Nimefika uwanja wa Campidoglio hapa Roma na watalii ninaowaongoza, kipaza sauti mdomoni, naanza kuwaelezea sanamu ya Kaisari Marko Aurelio juu ya farasi wake. Kutupa jicho chini ya sanamu, nani kapiga goti? Mume wangu! Anamvisha pete binti wa watu!

Eti anamwambia, "Kaisari huyu awe shahidi wetu." Maneno yale yale, shoga! Pale pale aliponiposa mimi!

Sikupiga kelele. Nikasema taratibu kwenye kipaza sauti: "Aliye juu ni Marko Aurelio. Aliye chini ni mume wangu."

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Binti akamuuliza, "Kumbe umeoa?" Yeye, "Mpenzi, ngoja nikueleze." Kofi! Pete ikabiringika kwenye mawe, bwana mkubwa akaifuata akitambaa.

Mgeni mmoja akaniuliza ule mkono wa Kaisari ulionyooka una maana gani. Nikamwambia wengi husema ni mkono wa msamaha.

Msamaha wa Kaisari, si wangu. Fundi yuko mlangoni kwangu nyumbani sasa hivi, anabadilisha kitasa.