Jiwe la Mcheshi

Bryn Llwyd,
Wales Kaskazini,
14 Oktoba 1968.

Mpendwa mpwa wangu Emrys,

Hujambo huko Patagonia? Mama yako hajambo? Na kondoo, wamepona ule upele? Sisi tu wazima, ila mvua haijui kupumzika. Mimi bado nina nguvu za dume: juzi nimelisukuma peke yangu jiwe ambalo farasi wawili walilikataa. Waulize watu.

Jiwe lenyewe ndilo lililonichanganya kichwa. Kijiji kiliamua kumkumbuka Mcheshi, yule aliyewachekesha wenzake gizani machimboni walipofunikwa na mawe, mpaka wakafukuliwa. Hapa sote ni akina Jones, jina la ukoo halimtambulishi mtu, tunaitana kwa lakabu. Nikawaambia, chongeni MCHESHI tu, nani asiyemjua baba yangu?

Siku ya kulifunua, ukoo wa Mcheshi mpiga ngumi ukaja na maua. Ukaja na wa Mcheshi wa kwaya. Wote watatu walikuwa na lakabu hiyo, walichimba mawe pamoja, wote watatu ni marehemu!

“Idwal, umetuchongea jiwe letu, Mungu akubariki,” akasema Marged, mjane wa yule wa kwaya.

“Lenu tangu lini, mama? Wako alikuwa anaimba tu!”

“Na wako alikuwa anafanya nini? Ananuna?”

Watu wakaangua kicheko. Bibi yako, mama yangu, hakucheka. Akamwita mzee Ifan, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya waliofunikwa.

“Ifan, ndugu yangu, alikuwa nani?”

“Shemeji, kulikuwa giza. Tulisikia sauti tu. Alikuwa anakohoa kwanza, halafu ndiyo anatoa utani.”

Bibi yako akanishika mkono kwa nguvu. “Ndiye! Alikuwa akikohoa hivyo kabla ya kuomba chai.”

“Wangu naye alikohoa,” Marged akasema, sasa kwa upole. “Vumbi lile halikumwacha mtu.”

Basi maua yote yakawekwa pamoja, tukaenda kunywa chai kanisani. Mimi nilihutubia, wakanipigia makofi mpaka vikombe vikatikisika, lakini hata sijui nilikuwa namsifu nani.

Njiani bibi yako akaniuliza, “Kama ni yeye, mbona nyumbani hakuniletea hata kicheko kimoja?” Mpwa wangu, unanijua, sikosi jibu hata mbele ya mchungaji. Pale nilimvika tu koti langu. Najaribu kukumbuka baba akicheka, naona mgongo wake tu, ameuelekeza motoni.

Mama yako alikuwa kitinda mimba, akipanda magotini pa baba. Muulize kama babu yako aliwahi kumchekesha. Hata mara moja yatosha. Asinitungie kitu, bibi yako ataujua uongo. Aandike upesi, maana kila mtu wa posta akipita bibi yako husimama mlangoni.

Nisalimie mama yako Lowri, baba yako, na mtoto Nest. Mungu awafunike kwa mkono wake, na mvua yetu aihamishie kwenu.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Idwal