Sauti ya Kopo Jekundu

4 Machi

Mwanangu,

Habari za huko kazini? Sisi wazima, ila goti langu ni lile lile. Chiriku wako hajambo kwa mdomo, tumboni sijui. Tangu televisheni ianze tangazo la kakao ya kopo jekundu, binti yako huyu hataki chakula. Vikombe vinne kwa siku! Nikimnyima, analia mpaka jirani anachungulia. Wewe unasoma matangazo huko studio, ujanja wake unaujua. Nimfunze vipi mtoto wa miaka sita asibebwe na kila king'aacho?

Mama yako

9 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, koo tu linakwaruza.

Usiizime televisheni, utamwongezea hamu. Kaa naye, tangazo likija mwulize: Nani anasema? Nani kamwandikia maneno? Anataka tufanye nini? Na mwambie lile povu kikombeni ni la sabuni, nililiona kwa macho yangu. Atacheka, na yataisha.

Mwanao

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sabuni! Haya.

Maswali yako yamefanya kazi. Tangazo la viatu kalimaliza mwenyewe: "Bibi, hao wanaruka kwa sababu wameambiwa waruke." Nikajivuna. Likaja la kakao. Nani anasema? "Baba."

Masikio yangu yamezeeka, sikukutambua, nawe hukuniambia. Anataka nini? "Nimalize kikombe. Kasema yuko njiani." Kisha akanionyesha makopo matatu matupu chini ya kitanda. Mtoto anamaliza ili uje. Mwaka mzima hujakanyaga hapa, na mimi nimeumia. Mwambie mwenyewe, hilo sina mdomo nalo.

Mama yako

27 Machi

Chiriku wa baba,

Hujambo? Bibi anakusomea, tulia kidogo.

Sauti ile ni yangu, maneno si yangu. Mtu wa ofisini aliyaandika kwenye karatasi, nikayasoma mara kumi na nane ndipo akaridhika. Sikuwa njiani. Nilikuwa nimekaa kwenye kachumba kasiko na dirisha. Hata ukimaliza pipa zima, kakao haimleti baba. Kula chakula cha bibi. Naona aibu, mwanangu. Nakupenda, na nitakuja karibuni.

Baba yako

2 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo. Nimemsomea. Mchana kala sahani nzima, na kopo lililobaki kalisukumia nyuma ya kabati.

Ila nilipofika pale pa "nitakuja karibuni" alinizuia. "Bibi, nani kamwandikia?" Nikasema kaandika mwenyewe. "Anataka tufanye nini?"

Hilo Nakuuliza wewe.

Mama yako

6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Studio nimewaambia watafute sauti nyingine wiki mbili hizi. Napanda basi la Alhamisi asubuhi.

Barua hii usimsomee. Nikibisha hodi, mwache afungue yeye.

Mwanao